Kasa wangu na mayai yake kumi

Wiki iliyopita kuna mama alinipigia simu kutoka Muheza, kaona picha za midoli yangu kwa jirani yake, akaniuliza, "Dada, sasa huyo kasa anafundisha nini hasa, maana namuona hana herufi wala namba?" Nikaanza kumuelezea, tukaongea weee mpaka salio lake likakata tukiwa katikati, na kwa vile sio yeye peke yake, wateja wengi tu huwa wananiuliza hilohilo, nimeona leo niliandike lote hapa.

Kwa wageni, mimi ni fundi cherehani, nipo Tanga mjini, nguo nashona bado ila kazi inayonikalia moyoni ni midoli ya kitambaa. Ilianza na mabaki. Fundi yoyote anajua, mwisho wa wiki unabaki na kiroba kizima cha vipande, kitenge hapa, jinzi pale, satini ya nguo ya harusi, na vingine vizuri mpaka unasikia uchungu kuvitupa. Nikamshonea binti yangu tembo, jirani akataka, alafu mwalimu wa chekechea ya mtaani akataka, ndo nikaanza kufikiria kwa makini kwamba hiki kitu mtoto anashinda nacho siku nzima, analala nacho, anakitafuna, kwanini kisimfundishe kitu?

Basi nikadizaini kasa wa kwanza, na nilimjazia kila kitu. Gamba la mgongoni nimelishonea herufi, mapezi manne kila moja na kazi yake, moja la kufunga kifungo, moja la zipu, moja la kufunga kamba kama kiatu, moja la velkro, tumboni nimeweka njuga ili akitikiswa alie. Kazi ya siku tatu ile. Nikampa binti yangu, wakati huo ana miaka mitatu, nikakaa pembeni na chai yangu namuangalia. Akagusa kifungo mara moja, akatikisa njuga mara mbili, akamgeuza kasa chali. Ubavuni kulikuwa na sehemu ndogo ya mshono nilisahau kuifunga. Akaingiza kidole, akaona kuna uwazi, akaenda kuokota vizibo vya soda alivyokuwa anachezea, akaanza kuviingiza kimoja kimoja. Vyote vikaingia. Akakung'uta vikatoka. Akaanza upya. Kimoja, kingine, kingine, huku anaongea mwenyewe kwa sauti ya chini, "ingia, ingia wewe, na wewe." Chai ikapoa. Herufi hakuziangalia hata mara moja.

Ile siku ndo ilinibadilisha kabisa ninavyofanya kazi. Mimi nilikuwa nafikiri mdoli unaofundisha ni ule uliojazwa mafunzo, kumbe mtoto anatafuta sehemu ya kufanyia kazi, anataka uwazi, kitu ambacho hakijakamilika mpaka yeye atie mkono wake. Mdoli ukimaliza kila kitu wenyewe, ukaimba wenyewe, ukatembea wenyewe, mtoto anabaki mtazamaji, anautazama dakika tano alafu anauacha.

Na hili la kumuangalia mtoto kwanza sio mimi niliyelianza. Kuna mama mmoja Mjerumani, Margarete Steiff, wa mji wa Giengen, fundi wa kushona vilevile, alipata polio akiwa mdogo na maisha yake yote alikaa kwenye kiti cha magurudumu, na mkono wake wa kulia ulikuwa na shida. Mwaka 1880 alitengeneza tembo wadogo wa kitambaa kizito cha sufu, na hakuwatengenezea watoto, ilikuwa ni vimto vya kuchomekea sindano. Watoto ndo wakawachukua wakawafanya wa kuchezea. Na yeye akaona, akafuata kule watoto walikoelekea, na kutoka hapo ikazaliwa kampuni ambayo mwaka 1902 mpwa wake Richard akaidizainia dubu mwenye mikono na miguu inayozunguka. Mimi kila nikichomeka sindano zangu kwenye kimto namkumbuka yule mama. Angeweza kuwaambia watoto acheni, hicho ni cha sindano.

Sasa turudi kwa kasa. Nikabandua herufi, nikatoa njuga, mapezi nikayaacha bila kitu, nikabakisha kitu kimoja tu: tumbo lenye zipu, na ndani mayai. Hapo nikajiuliza mayai mangapi. Kasa wa kweli, yule wa kijani anayepanda fukwe zetu huku pwani, anataga zaidi ya mayai mia moja kwa mara moja, anayafukia mchangani, anarudi zake baharini, na baada ya kama miezi miwili ndo vifaranga wanatoka. Ukienda kisiwa cha Juani kule Mafia wakati wa msimu watu wanakusanyika kabisa kuangalia vifaranga wakikimbilia maji. Mia moja kwenye mdoli haiwezekani, nikaweka kumi, idadi ambayo mtoto ana vidole vyake vya kuhakikishia.

Kosa moja nililolifanya ni yale mapezi. Wale wa mwanzo, kabla ya huyu wa zipu hata, niliwakatia mapezi manene kama miguu ya kobe. Binti mmoja mdogo, babake mvuvi, alimshika akamgeuza geuza akaniambia, "Shangazi, huyu kobe. Kasa anaogelea, ana mapezi kama makafi." Ana miaka mitano! Nikamshukuru mbele ya mama yake na wiki hiyohiyo nikakata upya. Mdoli ukimuonyesha mtoto mnyama, umuonyeshe mnyama mwenyewe, maana kile alichokishika mkononi akiwa mdogo ndicho atakachoamini.

Mayai yenyewe ndo yalinichukua muda. Yai la kasa wa kweli ni kama mpira wa tenisi ya mezani, ila la kwangu nimelifanya kubwa zaidi, karibu na ngumi ya mtoto, kwasababu ya kukabwa. Wenye viwanda huko nje wana kipimo chao, kibomba chenye upana wa milimita 31.7, kitu chochote kikizama kizima mle ndani hakiruhusiwi kwenye vitu vya watoto chini ya miaka mitatu. Mimi sina hicho kibomba, natumia lile boksi la katikati ya karatasi ya chooni, ambalo ni pana zaidi kidogo kwaiyo linanipa nafasi ya usalama. Yai likipita kwenye boksi, hata kwa kubonyezwa, halitoki dukani kwangu. Naomba na wewe mama unayesoma hapa ufanye hivyo leo kwa vitu vyote vilivyopo sakafuni kwako, dakika mbili tu. Na vile vizibo vya soda vya binti yangu nilivitoa ndani siku ileile.

Alafu nikasema mayai yote yakifanana mtoto atahesabu tu basi. Kwaiyo nimeyafanya jozi tano: mawili ya taulo, mawili ya jinzi, mawili ya satini, mawili ya kodrai, mawili ya kanga laini iliyofuliwa sana. Rangi nimezichanganya makusudi, satini moja nyekundu na nyingine ya bluu, ili macho yasimsaidie, vidole ndo vifanye kazi. Anafumba macho, anatia mkono tumboni, anatafuta mwenzake. Ukimuangalia mtoto wa miaka minne akifanya hivyo utaona uso wote umetulia, midomo imebana, vidole vinasugua taratibu, anatoa la jinzi, analisikiliza kwa vidole, analirudisha, anatoa lingine. Friedrich Fröbel, yule Mjerumani aliyeanzisha chekechea, kitu chake cha kwanza kabisa kumpa mtoto mdogo kilikuwa mipira sita laini ya nyuzi za sufu, kila mmoja na rangi yake. Karibu miaka mia mbili sasa, na bado mkono wa mtoto unataka kitu kilekile, kitu cha duara, laini, kinachojaa kiganjani.

Kwa wachanga kabisa nina mdoli mwingine, samaki wa kisutu, ile kanga ya nyeusi, nyeupe na nyekundu. Mtoto wa mwezi mmoja haoni mbali, sentimita kama 20 mpaka 30 hivi, na anachokiona vizuri ni rangi zinazogombana, nyeusi na nyeupe, nyekundu. Sasa kisutu si ndo hicho hicho? Bibi zetu wamekivaa harusini miaka yote. Huyo samaki hana mambo mengi, sina la kumuongezea.

Niseme na ubora, maana hapa sitaki mchezo. Mwaka juzi nilipata oda ya midoli thelathini ya chekechea moja, oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, nikafanya haraka, nikapiga mshono mmoja tu badala ya kurudia. Haikufika mwezi mwalimu akanitumia picha kwenye WhatsApp, tembo kapasuka kwapani, ujazo wote nje, na mtoto mmoja ameshikilia pamba mdomoni. Niliumia sana. Nilirudia yote thelathini bila kuchukua hata shilingi. Tangu siku ile kila mshono napiga mara mbili, stichi fupi fupi, na kila pezi nalipima: nafunga kamba kwenye pezi, naning'iniza dumu la lita kumi lenye maji, nahesabu mpaka kumi taratibu. Ulaya wanavuta kwa nguvu ya niutoni 90, yaani kama kubeba kilo tisa, kwaiyo dumu langu lipo palepale. Likishikilia, sawa. Likifumuka nafumua lote naanza upya.

Macho sishonei vifungo, najua yanapendeza, na dubu wa zamani wa Ulaya macho yao yalikuwa vifungo vya viatu kabisa, ila kifungo ndo kitu cha kwanza mtoto anang'oa kwa meno. Macho yote natarizi kwa uzi. Ujazo natumia nyuzi za polista sio sufi, sufi naipenda, ni nyepesi na inatoka kwenye miti yetu wenyewe, ila ukishaifua inashikana mabonge na inachukua siku nyingi kukauka ndani, na mdoli wa mtoto lazima ufuliwe. Kitambaa nacho kabla sijakata nakilowesha usiku kucha, kikichuja maji yakageuka rangi hakiingii kwenye midoli, kinaenda kwenye mapazia, sababu mtoto atakinyonya tu.

Na betri hapana. Naombwa kila mara, "weka kamziki basi, akibonyezwa aimbe." Kwanza ni lile nililosema, mdoli ukiimba mtoto ananyamaza. Pili, vile vibetri vidogo vya duara kama kifungo mtoto akimeza vikakwama kooni vinaweza kumuunguza ndani ya saa mbili tu, hii sio ya kutishana, ndo inavyotokea. Kama nyumbani una mdoli wa dukani wa kuimba, geuza uangalie kifuniko cha betri, kama kinafunguka kwa kucha bila skrubu, utoe.

Kwaiyo yule mama wa Muheza nilitaka kumwambia hiki, kabla simu haijakata. Mwezi wa tatu nilikuwa kwa dada yangu, mwanae wa kiume ana miaka minne na nusu, ana kasa wangu tangu mwaka jana. Alikuwa amekaa kwenye mkeka kapanga mayai mawili mawili, mstari mmoja mrefu, la taulo na la taulo, la jinzi na la jinzi. Mwisho wa mstari likabaki la kodrai peke yake. Akaliangalia. Akaangalia tumboni, akafungua zipu mpaka mwisho, akatia mkono mpaka kiwikoni. Hakuna. Akahesabu mstari mzima kwa kidole, "...nane, tisa," akasimama akasema, "Mama, moja limepotea, huyu hana mwenzake." Hakuna mtu aliyekuwa amemfundisha mambo ya shufwa na witiri, dada yangu mwenyewe alikuwa jikoni anakaanga samaki. Wakalitafuta wote wawili, likakutwa chini ya kitanda, na yule mtoto akalifuta vumbi kwa shati lake kabla ya kulirudisha tumboni.

Alafu akaja kwangu na swali ambalo mpaka leo linanikosesha usingizi. "Mama mdogo, haya mayai mbona hayatoi watoto?"

Tangu mwezi wa tatu nahangaika na hilo yai. Nataka liwe yai kwa nje, ukiligeuza ndani nje liwe kifaranga cha kasa, kichwa na mapezi manne. La kwanza lilikuwa gumu, vidole vya mtoto havikuweza kugeuza. La pili mapezi yalikuwa madogo mno, nikayaogopa. La tatu linageuka vizuri sana, ila likiwa yai kichwa kinachungulia kwa pembeni, na mtoto akishakiona hana tena cha kugundua. Leo usiku nakata la nne, mdomo nauwekea lastiki nyembamba ndani ya pindo, na kesho asubuhi nampelekea dada, mwanae aligeuze mimi nikiwa nimekaa pembeni.