Kikwembe cha Nyanya

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 27 Mei 2021, tulipotangaziwa tuhame Goma, mama alichukua vitu viwili tu: bahasha ya vyeti na kikwembe, yaani kitenge, cha nyanya. Volkano ya Nyiragongo ilikuwa imelipuka Jumamosi iliyotangulia na ardhi ilikuwa haijatulia. Akakifungua kutoka kwenye sanduku la bati, akajifunga ndani ya kikwembe kingine, tukashika njia ya Sake kwa miguu. Mvua ikatukuta njiani. Huko Sake alikivua kikiwa chepechepe, akakitia kwenye mfuko wa plastiki, na hakuna aliyekikumbuka hadi tuliporudi nyumbani mwezi wa sita.

Nilipofungua mfuko, harufu ya ukungu ilinikaba. Nyanya aliletewa kikwembe hicho na wakwe siku ya mahari. Ni wax ya Uholanzi, na pindoni bado yanasomeka maneno ya kiwanda, Véritable Wax Hollandais Vlisco. Uwanja wake ni bluu nzito, juu yake mbayuwayu weupe wenye vijimshipa vya bluu mwilini. Vijimshipa hivyo hutokea kiwandani: kitambaa hupakwa utomvu, utomvu ukipasuka rangi hupenya kwenye nyufa, ndiyo maana hakuna mbayuwayu wawili wanaofanana. Sasa walikuwa wametapakaa madoa ya kijivu na meusi.

Niliogopa mama asikione vile. Nikachukua zhaveli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, nikadondosha tone moja juu ya doa. Doa lilififia, na bluu nayo ikafifia. Palibaki duara la manjano, ukubwa wa punje ya haragwe. Nikasuuza mara tatu, lakini bluu haikurudi. Mama alikuja, akaweka kidole pale, akaenda zake jikoni bila kusema neno. Afadhali angenigombeza.

Jioni akaja Mama Mdogo, ambaye ameshona nguo za watu maisha yake yote. "Zhaveli ni ya choo, mama," akaniambia, "hii nguo ni mzee, inaogeshwa kama mzee."

Kwanza alikitandaza kivulini siku nzima kikauke kabisa, maana ukungu mbichi ukiusugua unaingia ndani ya uzi. Ndipo tukajifunga vitambaa puani, tukaupangusa nje kwa brashi laini. Akalowesha kona moja, akaikandamiza kwa kitambaa cheupe aone kama rangi inatoka. Haikutoka.

Maji ya ziwa akayakataa. Kila anayefua Goma anajua sabuni haitoi povu vizuri kwenye maji ya Kivu, na masalia yake yakibaki kwenye nguo huigeuza ya manjano baadaye. Alitaka ya mvua, na kiangazi kilikuwa kimeanza! Tulingoja siku tisa. Mvua ilipokuja, hakuniruhusu kukinga ya mwanzo. Ilishuka kutoka kwenye mabati ikiwa nyeusi kwa majivu ya volkano. Tuliweka beseni ilipokuwa nyeupe.

Kikwembe kilizama juu ya kipande cha chandarua. Hakusugua wala kukamua, alikuwa akikibonyeza kwa viganja tu, na kila tulipobadilisha maji tulikiinua kwa chandarua, kwa sababu uzito wa maji ungekichana kwenye mikunjo ya zamani, ambako nyuzi zilikuwa zimeshalika. Maji ya tano yalitoka safi. Tukakiviringisha ndani ya taulo, kisha tukakilaza kivulini.

Kuna doa la kutu lililotoka kwenye sanduku. Niliomba tutumie ndimu na chumvi, akakataa: uzi ulikuwa umechoka mno. Nadhani alikuwa sahihi. Lile doa halimsumbui mtu.

Mama alitoka ndani kilipokuwa kimekauka. Mama Mdogo akamwambia kisikunjwe tena, kwa kuwa mkunjo ukirudi palepale kila mwaka hukata nguo, na kisirudishwe kwenye sanduku kikagusana na bati lenyewe. Tukatafuta bomba la karatasi gumu, tukalifunga kwa shuka kuukuu lililofuliwa vizuri. Mama akashika ncha ya kikwembe, akaitafuta kona yenye duara langu, akaanza kuviringisha kutokea hapo, ili iwe ya kwanza kufunikwa.