Dungu la bondeni Rufiji: kumbukumbu ya ujenzi

Julai 2024

Maji yameondoka bondeni. Yameacha tope jeusi, madimbwi yenye kambare waliokwama, na mpunga wote wa Aprili umelala chini umeoza. Nimeshapanda mahindi na kunde za mlao. Ndugu yangu wa Dar es Salaam kanipigia simu anauliza kama nimerogwa, mtu umezamishiwa shamba halafu unarudi palepale. Hajala hindi la mlao huyo. Linapandwa maji yanapovuta, linakula unyevu uliobaki ardhini, na mbolea mto umeshaileta bure. Bila mafuriko hakuna mlao, na mabwawa yetu hayapati samaki wapya. Maji tunayataka. Shida ni yanapokuja kabla hujajipanga, au yanapopanda kuliko ulivyozoea.

Ndiyo maana naanza mradi huu: dungu la kuishi, si la kufukuzia ndege tu. Kwa wasio wa huku, dungu ni kibanda cha juu ya nguzo shambani. Wazee wetu walikuwa wanahamia humo msimu mzima, wanapika humo, wanazaa humo, mtumbwi umefungwa mlangoni. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali ikawahamisha watu kutoka bondeni kwenda vijiji vya juu, Operesheni Rufiji, na tangu hapo madungu mengi yamebaki ya kulindia mpunga dhidi ya nguruwe na kwelea kwelea. Siku hizi yanafungwafungwa kwa fito mbovu, msimu ukiisha yameanguka.

Agosti

Nimempata fundi. Ni mzee wa kijijini kwetu, amekulia dunguni. Nilimwamkia, nikamweleza nataka sakafu iwe juu mita mbili. Akanitazama.

"Kwa maji ya mwaka gani, mwanangu? Ya sabini na nne, ya El Niño ile ya tisini na nane, au haya ya juzi?"

Nikamwambia haya ya juzi, baba, ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu. Basi akataka nimwoneshe yalipofika. Bahati nzuri kuna mvumo, mti wa jamii ya mnazi, pembeni ya shamba, na tope lilikuwa bado limeugandia, mstari umekatika sawasawa kama uliochorwa kwa rula. Kutoka mvumo hadi pa kujengea ardhi inashuka, kwa hiyo kupima tu kwa futi kutoka chini kusingetosha. Tulichukua mpira mwembamba wa plastiki unaoonesha ndani, tukaujaza maji, ncha moja nikaishika kwenye mstari wa tope, nyingine mzee akaishika kwenye mti tuliosimika kiwanjani. Maji yakitulia, pande zote mbili ni usawa mmoja. Ikaonekana pale pa dungu maji yalisimama mita 1.9. Mita mbili zangu zingeniachia sentimita kumi tu! Sakafu itakaa mita 2.6.

Oktoba

Nguzo. Boriti za mikoko kutoka delta ndizo kila mtu anazisifia, ila zinataka kibali cha misitu na gari la kuzileta. Tumetumia mvumo ulioangushwa na mto. Mzee aliugonga kwa kisu cha panga, akasikiliza, akasema huu dume, unafaa. Ndani ya mvumo ni laini, hakuna cha maana. Mti wenyewe ni ule wa nje, mweusi, mgumu kiasi kwamba shoka linarudi. Tuliupasua kwa kabari, tukapata nguzo sita na mabaki ya ngazi. Mchwa hawaugusi, lakini sehemu ya kuzikwa nimeipaka oili chafu ya gereji hata hivyo. Mzee alicheka, hakukataza.

Mashimo yana kina cha mita moja. Upande mto unakotokea tumesimika nguzo mbili za peke yake, hazibebi kitu. Kazi yake ni kupokea magogo. Maji peke yake hayaangushi dungu, yanapita katikati ya miguu yaende zake. Gogo linaloletwa na mkondo ndilo linaloangusha.

Desemba

Vuli imekuwa dhaifu huku kwetu, kazi imekwenda bila kunyeshewa. Sakafu ya mianzi imelala. Hapa ndipo nilipojifunza jambo jipya: mzee hakutaka misumari sakafuni. Kila nguzo ina panda mbili, moja ya mita 2.6 na nyingine juu yake nusu mita. Sakafu imefungwa kwa kamba vipande vipande, ili maji yakizidi unafungua, unapandisha, unafunga tena panda ya juu. Anasema 1974 mama yake alipandisha usiku huku mtoto yuko mgongoni.

Jiko ni bati kuukuu lililopakwa udongo wa kichuguu tabaka nene, juu mafiga matatu. Mke wangu amelijaribu kwa ugali na perege wa kukaanga. Mianzi ya chini haikupata hata joto.

Februari 2025

Mpunga wa Supa umeota vizuri. Nimeongeza kitu ambacho hakikuwemo kwenye mpango: mti wa kupimia maji. Nimeupaka rangi nyeupe na kuukata alama kila sentimita 10, umesimama kwenye mfereji unaoingiza maji bondeni.

Wazee walikuwa na kalenda yao: mvua za Kilombero kule juu ya mto, rangi ya maji, viboko wanavyosogea. Sasa huko juu kuna Bwawa la Julius Nyerere, lilianza kujazwa Desemba 2022, na mto haufuati mvua peke yake tena. Kijiweni ubishi kuhusu bwawa na mafuriko ya 2024 hauishi, kila mtu mhandisi. Mimi nataka namba yangu. Taarifa za redio zinanieleza habari za wilaya; mti unanieleza shamba langu, na zaidi ya kimo naangalia kasi. Zikimezwa alama mbili kati ya magharibi na alfajiri, gunia zinapanda dunguni siku hiyohiyo. Mtoto wa jirani anausoma akienda shule, ananitumia kwa simu ya mama yake.

Machi, wiki ya kwanza

Paa limeezekwa makuti. Chandarua kimetundikwa, na kitahitajika kuliko kitu kingine chochote. Ngazi nimeifunga kwa kamba ndefu ili inyanyuliwe usiku, kwa sababu ya mamba. Kilichobaki ni mtumbwi: una ufa karibu na omo, yaani sehemu ya mbele, na upondo, mti wa kuusukumia, nao umevunjika. Jumamosi tunaziba ufa. Mto bado uko chini ya alama ya kwanza.