Printa yetu inalilia Letter na trei imejaa A4

Jamani hii kitu ilinisumbua wiki nzima. Steshenari ya dada kompyuta inatumia mfumo wa Ubuntu, Windows ilitushinda kwa virusi vya flashi za wateja, sasa mtu analeta barua yake ya kazi nabonyeza printi, taa ya chungwa inawaka, printa imegoma, eti inataka karatasi saizi ya Letter. Letter nani anauza Kariakoo? Hiyo ya Wamarekani, milimita 216 kwa 279, A4 yetu ni 210 kwa 297. Nikawa nabonyeza kitufe cha kuendelea kila karatasi huku mteja ananitolea macho.

Nikaingia terminali, ile skrini nyeusi ya kuandika amri. Ukiandika lpstat -p -d unaona printa zako zinaitwaje na ipi ndo difolti, yetu inaitwa Duka. Halafu:

lpoptions -p Duka -l

Hapo inamwaga kila kitu printa inachokijua, saizi za karatasi, rangi, pande mbili, na chenye nyota ndo kinachotumika. Nyota ilikuwa imekaa juu ya Letter, imetulia kabisa. Basi nikapiga

sudo lpoptions -p Duka -o PageSize=A4

nikaprinti, taa ileile ya chungwa. Nilitaka kulia.

Kumbe ukiweka sudo, yaani unatoa amri kama msimamizi wa kompyuta, inaandika kwenye /etc/cups/lpoptions, ya watumiaji wote, ila kila mtu ana faili lake pia, ~/.cups/lpoptions, na la kwako ndo linashinda. Nikalifungua langu nikakuta PageSize=Letter, na aliyeiweka ni mimi, kuna siku nilikopi amri mtandaoni nikapesti bila kusoma, aliyeiandika mwenyewe yuko Marekani huko. Nikarudia ileile bila sudo, karatasi zikaanza kutoka bila kelele.

Sasa nilichokipenda zaidi, printa moja unaweza kuipa majina mawili. Wanachuo wakileta madesa yao wanataka pande mbili, barua zinataka upande mmoja, zamani nilikuwa nabadilisha halafu nasahau kurudisha, CV ya mtu inatoka mbele na nyuma, aibu. Nikaandika

lpoptions -p Duka/desa -o sides=two-sided-long-edge

na desa likija ni lp -d Duka/desa notsi.pdf, barua ni lp -d Duka kavukavu. Dada bado anaogopa ile skrini nyeusi, nimemwandikia hizo amri mbili kwenye karatasi nimebandika pembeni ya monita. A4 hiyo.