Njia ya katikati ni ya waliomo ndani ya basi

Jumanne iliyopita nilipanda mwendokasi, yale mabasi ya Dar es Salaam yenye njia yao peke yake katikati ya barabara, pale Kimara Mwisho saa kumi na mbili na robo asubuhi, naelekea Gerezani. Siti zilikuwa zimejaa. Nikasimama karibu na mlango, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine umekumbatia vitambaa vya sare za harusi ambazo mwenyewe anazitaka Ijumaa. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Kariakoo, na njia hii naipita siku sita kwa wiki.

Shekilango akapanda bibi mmoja ameshika bahasha kubwa ya kaki, zile za picha za eksirei. Kijana akanyanyuka ampishe. Basi likaondoka, na bibi hajakaa vizuri, dereva akakanyaga breki. Tulisukumwa wote mbele. Bibi akaanguka kwa goti, bahasha ikateleza mpaka kwenye miguu ya watu. Kuchungulia mbele, gari dogo, vioo vyeusi, limechomoka kwenye uwazi wa kuvukia na kuingia njia yetu. Hakuna king'ora, hakuna taa ya dharura. Likaongeza mwendo, likaenda zake.

"Pole sana mama," nikamwambia, huku namwinua.

"Ahsante mwanangu. Goti lenyewe hili ndilo nalipeleka hospitali."

Tangu siku hiyo jambo hili halijanitoka moyoni.

Mabasi haya yalipoanza Mei 2016, daladala ziliondolewa kwenye Barabara ya Morogoro. Sisi wa Kimara tulikubali, maana tulipewa kitu badala yake: njia mbili za katikati, zimezungushiwa kingo, haziguswi na mtu. Wiki za mwanzo nilikuwa nafika Kariakoo jua halijapanda, nafungua kibanda natafuta cha kufanya. Kwa hiyo gari binafsi linapoingia mle linavunja yale makubaliano. Mwenye gari akibanwa na foleni ana redio yake na kiyoyozi chake. Mimi daladala yangu ya zamani haipo tena. Njia ile ndiyo niliyobaki nayo.

Shemeji yangu ana gari, na kila tukikutana kwenye shughuli ananiambia serikali iruhusu magari madogo yapite mle, kwa sababu "njia iko tupu, shemeji, unaiona kwa macho." Ni kweli, ukiwa kwenye foleni pale Manzese unaiona tupu. Lakini basi lile refu, la mita 18, linabeba zaidi ya watu 100, na likishapita limepita. Yale magari manne yatakayojaa kwenye nafasi ya basi moja yana watu wangapi? Simama Magomeni kwenye taa uchungulie madirishani: dereva, dereva, dereva, dereva na mtoto wa shule.

Siku ambazo mabasi ni machache na kituo kimefurika mpaka watu wanapumuliana shingoni, hapo nakubali njia inakaa bure, na inauma kuitazama. Dawa yake ni mabasi yaongezwe. Tukishaingiza magari madogo, hata hayo mabasi mapya yakija yatakuta foleni.

Na barabara kupanuliwa peke yake sisi tumeshaiona ilivyo. Kutoka Kimara hadi Kibaha zimejengwa njia nane, kilomita 19 na ushee. Nyumba zilibomolewa mwaka 2017, na katika waliobomolewa wapo tuliosali nao na kuzikana nao. Leo ukitoka Mbezi gari linateleza vizuri mno. Kisha unafika Kimara, na mkondo wote ule unaingia kwenye njia mbili za magari kwenda mjini. Ni kama kumimina ndoo nzima kwenye mrija. Daraja la Kijazi pale Ubungo limesaidia tangu lifunguliwe mwaka 2021, sikatai, lakini aliyepita Ubungo haraka anakwenda kusubiri mbele, Magomeni. Na mvua ikikolea, bonde la Jangwani likajaa maji na barabara ikafungwa, wote tunalala njaa, mwenye gari na asiye na gari.

Ninachotaka mimi ni kidogo. Gari la wagonjwa na la zimamoto yapite, tutayapisha kwa roho safi. Mengine yote yabaki nje, na faini iwe ileile kwa bodaboda na kwa gari lenye namba za serikali. Kamera ziwekwe kwenye zile nafasi za kuvukia, kwa sababu trafiki aliyesimama juani peke yake hawezi kumsimamisha mkubwa, na tusimwonee kwa hilo. Bodaboda anakamatwa kila siku, tunamwona. Mwenye vioo vyeusi sijawahi kumwona amesimamishwa, miaka yote hii.

Bibi alishuka kituo cha Fire ili atafute bajaji ya kwenda Hospitali ya Muhimbili. Kijana aliyempisha siti alishuka naye, ingawa alikuwa anakwenda Gerezani kama mimi, akamshikia bahasha. Milango ikafunga, nikawaona kupitia kioo wanatembea taratibu kwenye kituo, bibi anagusa ukuta kila baada ya hatua mbili.