Kucha mbili nilizoziacha Mweka

Nianze na kucha, maana kila nikivaa ndala lazima mtu aulize. Zimeota. Ya mguu wa kulia imechukua zaidi ya mwaka kurudi na bado imekaa upande kama mlango wa banda la kuku, ya kushoto yenyewe iliwahi. Zote mbili zilianza kuwa nyeusi siku nashuka Kilimanjaro kwa njia ya Mweka, na sababu ni uzembe wa dakika tano tu, sikuzikata kabla ya kwenda mlimani.

Sasa Jumapili iliyopita kundi letu tulikuwa Morogoro, tumetoka Bondwa kule juu kwenye minara, ni zaidi ya mita 1,500 za kupanda kutokea mjini na zote hizo lazima uzirudishe, tumekaa tunasubiri chipsi na mishikaki, miguu tumeitoa kwenye viatu hali ya hewa imeshachafuka pale mezani, ndo yule dada mgeni akauliza, "Jamani mi naenda Kili Desemba, nijiandaeje kupanda?" Weee. Kila mtu akadaka. Huyu anamwambia nunua jaketi fulani, huyu anamwambia kimbia kilomita kumi kila asubuhi, mwingine ambaye mwenyewe hajawahi kuvuka kambi ya Horombo, kule katikati ya mlima, anamfundisha namna ya kupumua. Mi nikamwambia dada angu, kupanda utapanda, utaimbiwa, utabebewa begi, utafika. Jiandae kushuka. Wakacheka, eti mzee wa kucha ameanza.

Chekeni, ila hesabu ziko wazi. Kilele cha Uhuru ni mita 5,895. Kambi ya Mweka iko kama mita 3,100. Yani saa sita usiku unatoka Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, unakanyaga mpaka kunakucha, unapiga picha na ule ubao, halafu mchana huohuo unateremka karibu mita 2,800 ukiwa na usingizi wa masaa mawili, na kesho yake unateremka tena mpaka getini, ngazi za magogo, mizizi, tope la msituni. Ulichopanda kwa siku tano sita unakirudisha ndani ya siku moja na nusu. Hapo ndo vidole vinagonga mbele ya buti kila hatua, ga, ga, ga, masaa na masaa, na hamna wa kukuimbia maana wenzio nao wako kimya wanahesabu magoti yao.

Tatizo la sisi watu wa Dar ni lifti. Safari yangu ya kwanza nilikuwa najifua kwenye jengo la ofisini, ghorofa 12, begi mgongoni nimetia kilo kumi za mchele ambao nyumbani ulikuwa unatafutwa haupo, napanda mpaka juu jasho linachuruzika, halafu nashuka na lifti ili niwahi kupanda tena. Nilijiona mjanja kweli. Mlinzi wa pale mlangoni, mzee wetu mmoja wa Singida, kila asubuhi anakagua begi anakuta mchele, hasemi kitu. Siku moja akaniuliza, "Mwanangu, huko mlimani unakokwenda kuna lifti?" Nikacheka nikajua utani.

Kumbe mzee ameniona. Ukipanda, paja linasukuma. Ukishuka, paja ndo breki, linavutika huku limebeba uzito wako wote na begi juu yake, na kazi ya namna hiyo ndo inakuacha siku ya pili unakaa chooni kwa kushikilia ukuta. Ila nyama inajifunza haraka, ukishaumia hivyo mara moja mbili mazoezini, mara ya tatu maumivu yanapungua sana, ndo maana Bondwa hatumpeleki mtu apate picha ya minara, tunampeleka akaumie mapema akiwa karibu na kitanda chake. Kama uko Dar na Morogoro mbali, tafuta ngazi, na kushuka shuka kwa miguu.

Mwenye siku nne na hela kidogo namwambia aende Meru kwanza. Mita 4,566, na siku ya kileleni unarudi mpaka Miriakamba ambayo ni mita 2,514, kwa hiyo unapata mwinuko na unapata mteremko wa maana kwa mkupuo mmoja. Unatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, na sijaona kitu kinachomfanya mtu asibaki nyuma kama kuambiwa jana nyati walikuwa wamesimama hapahapa. Mangi wetu hataki kusikia habari za Meru, kwake ule ni mlima wa watu wa Arusha, basi.

Huyu Mangi ndo tunagombana naye kuhusu njia. Yeye kwao Marangu, kwa hiyo dunia nzima ina njia moja. "Marangu siku tano unamaliza, unalala kwenye kitanda, hunyeshewi. Babu yangu alikuwa anapanda na kandambili." Nikamwambia babu yako alikuwa anapanda kihambani, kileleni kwake kulikuwa na mbege. Akanirudia, "We mtu wa Tanga unajua nini mlima, nyie mnavaa sweta kukiwa na wingu." Hapo nikamkumbusha historia. Hans Meyer alijaribu mwaka 1887 akaishia njiani, 1888 akarudi, sisi watu wa pwani tukamkamata, watu wa Abushiri wa Pangani walimshikilia na mwenzie mpaka kikombozi kilipolipwa. 1889 akapita, akaja kwenu, mkampa na njia. Sasa nani alikuwa analinda mlima? Meza nzima ilicheka mpaka muuza chipsi akatugeukia.

Utani pembeni, kuna jambo moja namkubalia. Kwa kushuka, Marangu ni rafiki wa magoti kuliko Mweka, kutoka Kibo mpaka Horombo ni njia pana, imelala taratibu, unatembea mnapiga stori. Mtu mwenye goti bovu simwambii aende njia ya Machame, inayoshukia Mweka, kwa sababu ya mandhari. Ubaya wa Marangu ni zile siku tano, mwili unapewa muda mdogo mno wa kuzoea, halafu kutoka kambi ya Kibo, mita 4,720, mpaka Gilman's Point kwenye ukingo wa kreta, 5,685, ni changarawe tupu, unapanda hatua mbili inakurudisha moja. Ongeza siku ya sita ulale Horombo mara mbili. Na Machame usichukue siku sita, chukua saba. Kwenye siku sita unatoka kambi ya Barranco, unakwea ule ukuta wa mawe, unapita kambi ya Karanga bila kulala, unafika Barafu jioni umechoka na saa sita usiku unaamshwa. Kwenye saba unalala Karanga, kesho yake unasogea Barafu mapema unapumzika. Raia wa Afrika Mashariki kiingilio chetu ni kidogo mno ukilinganisha na wageni, kwa hiyo siku moja ya ziada haituumizi kama inavyowaumiza wao, bado watu wanaibana siku halafu wananunua miwani ya jua ya laki tatu.

Vifaa. Hapa nitasema kidogo maana mjadala wake huwa hauishi. Jaketi, suruali za mvua, fulana za kubana zisizo pamba, glovu, vyote mitumba, Karume kwa huku Dar au soko la Memorial ukifika Moshi, kuna watu wamevaa jaketi za manyoya ya bata za elfu thelathini na ziko vizuri kuliko za dukani, ukilibonyeza na likarudi kuumuka haraka chukua, likibaki na mabonde kama godoro la gesti achana nalo. Pamba usivae hata ndani, inashika jasho na jasho la saa tisa usiku ni barafu. Maji ya mpira ule wa kunyonyea yanaganda njiani, beba chupa, ichomeke kwenye soksi na uigeuze mdomo chini kwa sababu maji yanaanza kuganda kwa juu. Simu lala nayo, baridi inakula chaji.

Buti tu ndo mtumba sikubali. Gundi na soli vinazeeka hata kama kiatu kimekaa kabatini Ulaya bila kuvaliwa, na huwezi kujua kwa kukitazama. Jamaa yetu soli ilimbanduka kambi ya Shira siku ya pili, ilikuwa inapiga makofi kila hatua, akafungiwa kamba ya hema na mgumu mmoja (wapagazi kule ndo tunawaita hivyo, wagumu, na wamestahili), mzee wa makamo hivi, kilo ishirini kichwani, katulia anamfunga mtu kiatu kama mtoto wa chekechea. "Shikamoo mzee, asante sana." "Marahaba, twende polepole." Alipotea mbele yetu ndani ya dakika mbili.

Na buti ukienda kujaribu nenda jioni mguu ukiwa umevimba, vaa na soksi nene utakayopandia, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse, nyuma ya kisigino kipenye kidole kimoja cha mkono. Kisha tafuta mteremko, hata ngazi za duka, ushuke. Muuzaji akikushangaa mwache. Siku ya kushuka mlimani simama Barafu ufunge kamba upya, kaza pale kwenye kifundo ili kisigino kisichezee na vidole visikimbilie mbele. Fimbo mbili pia, watu wanazibeba kwa kupandia, mi kupanda naweza kukugawia moja, kushuka sikupi hata ukilia.

Kuna kushuka kwingine ambako hamna mazoezi yake. Anko wetu, mtu wa mpira, fiti kuliko sote, alikuwa anaongoza kila siku mpaka anaambiwa apunguze. Usiku wa kileleni tuko juu ya mita 5,000 na kitu, akaanza kukaa kila baada ya hatua kumi, halafu akawa anajibu maswali ambayo hajaulizwa. Mwongozaji wetu (wenyewe kule wanasema gaidi, usishtuke ukisikia getini mtu anaita "gaidi wangu yuko wapi") akamsimamisha, akamwambia tembea kisigino mbele ya kidole, mstari ulionyooka, hatua tano. Anko akapiga mbili, ya tatu akaenda pembeni kama mtu aliyetoka baa. Hakukuwa na mjadala. Anko alitukana, akalia, akasema amelipa hela yake, gaidi msaidizi akamshika kwapani wakageuka. Tochi zao mbili zikawa zinashuka peke yake huku zingine zote zinapanda.

Hatukuzungumza mpaka Stella Point, kule juu kwenye ukingo wa kreta.

Jioni tunaingia kambi ya Mweka, mi nachechemea vidole vinawaka moto, tukamkuta Anko kakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anatafuna bisi na chai, ananiuliza mbona natembea kama bata. Kichwa kimeisha, kizunguzungu kimeisha, dawa yenyewe ilikuwa ile mita elfu mbili aliyoteremshwa. Vile vidonge vya Diamox wengine wanatumia kujikinga, vinakutekenya vidole na kukuamsha kukojoa usiku kucha, muulize daktari kabla hujavimeza, ila mtu akishaanza kuyumba dawa ni kumshusha, na anashushwa usiku uleule, hasubiri kuche. Anko alirudi mlimani mwaka uliofuata kwa siku nane, njia ya Lemosho, safari hii akawa wa mwisho kwenye mstari, kafika kileleni anaimba.

Yule dada yeye kachagua tarehe za 9 Desemba, anataka awe juu siku ileile Luteni Alexander Nyirenda aliyosimamisha mwenge na bendera mwaka 1961. Sawa, nia njema, ila Desemba inaweza kunyesha vibaya kule chini msituni, na tope la Mweka likiwa na mvua hata mbuzi anaomba msaada. Nikamwambia beba koti la mvua la kweli na ubuyu. Ubuyu sio utani. Barafu hamu ya kula inakata kabisa, supu unaiangalia tu, ila ule uchachu wa ubuyu wa Zanzibar unaamsha mdomo mpaka unajikuta unaweza kumeza na mkate.

Jumatatu nimefika ofisini mapaja yamekaza kama magogo. Nikapanda na lifti mpaka ghorofa ya 12, nikageuka, nikaanza kushuka ngazi moja moja nimeshika reli. Chini mzee yuko na redio yake. Akaniangalia ninavyoteremka zile ngazi za mwisho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hapo sasa ndo unaenda mlimani." Akafungua zipu ya begi langu kama kawaida yake. "Na huu mchele leo nyumbani wanajua?"