Barabara ya moto si kazi ya ekari moja moja

Nyanda za Juu Kusini mvua zikishakatika, wenye miti Mufindi, Kilolo na Njombe huanza kutazama upande wa jirani kwa hofu ya moto. Shamba la serikali la Sao Hill lina barabara za moto, yaani kanda zilizosafishwa ili moto usivuke, na watu wa zamu. Mwanakijiji mwenye ekari moja ya misindano (paini) hana, na sababu si uzembe tu.

Piga hesabu. Ekari moja ya mraba ina upande wa mita 64 hivi. Ukiacha mita 5 wazi kila upande, na jirani aache zake 5 ili barabara iwe ya mita 10, umepoteza asilimia 29 ya eneo. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hiyo ni miti 130 kati ya 450. Nani atakubali? Ekari 20 zinazopakana zikizungushiwa barabara moja, hasara inashuka hadi asilimia 7. Kwa hiyo sheria ndogo ya kijiji inayomdai kila mtu barabara yake itabaki kwenye faili. Iandikwe kwa kundi la mashamba, na wa katikati wawafidie wa pembezoni, hata kwa nguvu kazi.

Halafu kuna hili la kufyeka na kuondoka. Nyasi zilizofyekwa zikilala hapo hapo hukauka, moto ukapita juu yake kama kawaida. Palilia mpaka udongo uonekane, takataka zitoe kabisa, usizirundike kwenye mashina. Agosti rudia, maana majani ya misindano hayaachi kudondoka. Kwenye mteremko mkali usiishushe barabara moja kwa moja; mvua zitaifanya korongo.

Pogolea matawi ya chini, moto wa nyasi usipate ngazi ya kufika kileleni. Mlingoti (mkaratusi) ukiungua mara nyingi huchipua shinani. Msindano hauchipui, na gogo lake lisipopasuliwa mapema, mbao hupata rangi ya bluu na bei inaanguka.

Moto mwingi huanzia kwenye kuandaa mashamba. Sheria ya Misitu ya 2002 inakataza kuchoma uoto nje ya eneo lako bila idhini halali, lakini moto wa shambani kwako haujui mpaka. Toa taarifa kijijini na kwa majirani. Zungushia kinga kwanza, ndipo ukusanye watu wenye majembe, matawi mabichi na maji. Choma jioni upepo ukitulia, ukianzia upande ambao upepo unaelekea, ili moto urudi taratibu dhidi ya upepo. Ukiwasha upande upepo unakotoka, utaukimbiza na hutaufikia.

Usiondoke moshi ukiwa bado unaonekana. Kesho yake kagua visiki kimoja kimoja: fukua mizizi, mwagia maji, koroga na udongo, mwagia tena. Mzizi unaweza kufukuta chini kwa siku kadhaa na kuibukia upande wa pili wa kinga.