Haikuwa TB: tulivyofika kwenye picha ya CT

Naudhika na watu wanaosema kila kikohozi kirefu chenye homa za usiku ni TB. Mdogo wangu wa kike ana pumu, sigara hajawahi kuigusa, na hapa Pemba karibu kila aliyemtazama alimwambia kifua kikuu, hata makohozi yalipopimwa kwa GeneXpert na kurudi safi. Mmoja alitaka aanze dawa za miezi 6 hivyo hivyo. Nikakataa.

Usiku nikatandaza mkekani karatasi zake zote za damu, ya zamani juu, mpya chini, nikapigia wino mwekundu mstari mmoja tu: eosinofili, aina ya seli nyeupe za damu. Seli hizi kwa kawaida hazizidi 5 au 6 katika kila seli nyeupe 100. Zake zilipanda karatasi hadi karatasi, ya mwisho imepita 30! Kila karatasi ilitoka maabara yake, hakuna aliyewahi kuziweka pamoja. Msitupe karatasi za damu, jamani. Nikazibana kwa pini, tukapanda boti Mkoani.

Unguja, daktari wa mapafu alizisoma kabla hajamwekea mgonjwa kipimo kifuani. "Dada, umenipunguzia kazi. Tupige CT." Ilitutoka laki kadhaa, ulizeni bei kwanza. Picha ilipotoka akaniita niione: weupe umeganda pembezoni mwa mapafu yote mawili, sehemu za juu, umeambaa na ukuta wa kifua, na katikati peusi, pasafi. Maji yanayoletwa na moyo kushindwa kazi hukaa zaidi katikati, akasema, huu ni kinyume chake. TB nayo hupenda juu, ndiyo maana inachanganya watu, ila mara nyingi huchimba mashimo, na hapa hapakuwa na shimo hata moja. Jina la ugonjwa: nimonia sugu ya eosinofili, yaani seli zile zimejazana mapafuni.

Prednisoloni, dawa ya steroidi inayotuliza ugonjwa huu lakini inashusha kinga ya mwili, hakuitoa papo hapo, na hapo ndipo nilipomheshimu. Alipima choo, akapima na vijidudu vya matende, maana navyo hupandisha eosinofili na kukohoza watu usiku. Kisha akampa aivamektini, dawa ya minyoo, kwa sababu kuna minyoo ya strongiloidi inayojificha mwilini miaka mingi, na mgonjwa akipewa prednisoloni inaweza kusambaa mwili mzima ikamuua.

Siku ya pili ya prednisoloni homa ikakatika, akaomba uji mwenyewe. Nililia.

Sasa majirani wanamwambia aache vidonge, kishapona. Ugonjwa huu hurudi sana dawa zikipunguzwa au kukatwa, kwa hiyo tunashuka kidogo kidogo kwa amri ya daktari, na vidonge navigawa mimi.